Msanifu anayetoboa kuta za nyumba alizochora mwenyewe

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, Séphora Masika amepiga magoti nyuma ya nyumba namba 31, pembezoni mwa Nyakasanza mjini Bunia. Anachora kwa chaki kwenye ukuta ambao haujamaliza hata mwaka. Upana, sentimita themanini. Urefu, mita mbili na sentimita tano. Anasimama, anarudi nyuma hatua tatu, anautazama mchoro, kisha anaokota nyundo na tindo na kupanda juu ya benchi.

Anaanzia juu, pale ambapo linta, boriti ya zege ya juu ya mlango, itakaa. Pigo la kwanza linamwagia vumbi jekundu nywele zake. La tatu linang'oa kipande cha tofali kinachojaa kiganja.

"Kila tofali ya hapa ninaijua," anasema bila kugeuka. "Udongo nilichagua miye. Kipimo ya simenti niliweka miye. Leo tena miye njo niko navunja. Unaona hii iko na maana?"

Haina maana. Kwa hiyo amekasirika, na hafichi.

Séphora, mwenye miaka 36, ni msanifu majengo. Nyumba arobaini za mtaa huu alizichora yeye, kwa ajili ya wajane waliokimbia vita katika vijiji vya Gety na Aveba, kusini mwa Irumu. Kwenye mchoro wake kila nyumba ilikuwa na milango miwili. Zilipojengwa, zilikuwa na mmoja. Tangu mwezi wa tatu, kila Jumamosi, anarudi na nyundo yake kutoboa ule wa pili. Huu wa leo ni wa kumi na saba.

Alizaliwa Butembo na kuletwa Bunia akiwa na miaka tisa. Baba yake aliuza mabati, misumari na bawaba kwenye ghala dogo karibu na soko, na binti ndiye aliyetumwa kwenda kwa wateja na futi kupima paa. "Baba alikuwa anasema miye sidanganye hata sentimita moja. Kwa hiyo batu waliniogopa kidogo," anakumbuka, akicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Alisomea usanifu Kinshasa. Aliporudi, kazi iliyomngoja ilikuwa moja tu: kuchora nyumba za ghorofa za wafanyabiashara, zenye nguzo nene mbele na vyumba ambavyo hakuna atakayelala ndani yake. Ramani moja ya aina hiyo ilimpa dola mia sita, wakati mwingine mia nane. Aliifanya, akala, akasaidia wadogo zake kusoma. Lakini kila alipotembea mjini macho yake yalikwenda kwenye nyumba ndogo.

"Nyumba ndogo hakuna mutu anaichora," anasema. "Fundi anapima na hatua, anajenga. Joto, moshi, choo iko mbele ya wageni. Na kila mutu anasema, ah, ni ya maskini, itafaa tu. Nani aliwaambia maskini hasikie joto?"

Akaanza kujifunza upya. Aliacha tofali za kuchoma, zinazomaliza miti ya mikaratusi kwenye vilima vinavyouzunguka mji, akanunua mashine ya mkono inayoshindilia udongo wenye simenti kidogo. Tofali zake hukauka kivulini wiki tatu na haziguswi na moto. Kuta zake ni nene, ndani ni baridi mchana na vuguvugu alfajiri. Paa linatoka nje mita nzima ili mvua isile ukuta na mama apate mahali pa kukaa akipepeta mchele.

Aprili ya mwaka jana, shirika moja la misaada lilimpigia simu. Walitaka ramani ya nyumba arobaini, kila moja mita za mraba ishirini na nane, na walitaka kabla ya wiki kwisha. Yeye akaomba wiki mbili.

"Waliniuliza, wiki mbili za nini? Nikawaambia, za kuongea na wenye nyumba. Mumoja akacheka. Akaniuliza, wajane wanajua nini mambo ya plan?"

Alikwenda hata hivyo. Kwenye uwanja wa kanisa walipokuwa wamehifadhiwa, alichukua kamba, vijiti na ndoo ya majivu, akachora nyumba chini kwa ukubwa wake halisi. Chumba hapa, sebule hapa, jiko hapa, mlango huu. Kisha akawaomba wanawake waingie na kuishi humo kwa dakika chache, kana kwamba ni asubuhi ya kawaida. Mmoja aliinama kuwasha moto ambao haukuwepo. Mwingine alilala majivuni na watoto wake watatu kuona kama miguu itafika ukutani.

Mama Madeleine, mjane wa miaka 51, aliingia na beseni la maji kichwani. Hataki jina lake la ukoo liandikwe gazetini, kwa kuwa ndugu zake bado wako kijijini. Alitembea kutoka mlango hadi jiko, akasimama, akageuka huku na huku.

"Mulango ya pili iko wapi?" aliuliza.

Séphora alimweleza kuwa nyumba ni ndogo, kwamba mlango mmoja ungeacha nafasi zaidi ya kitanda. Madeleine alitua beseni. Akamsimulia, mbele ya wenzake wote, jambo ambalo wengi wao walikuwa wanalijua.

Katika kijiji chao karibu na Aveba nyumba yake ilikuwa ya miti na matope, yenye mlango mmoja. Watu wenye silaha walifika saa kumi na mbili asubuhi, familia ikiwa inakunywa uji, wakasimama mlangoni. Mume wake, Ézéchiel, alishika jembe akapiga ukuta wa nyuma, chini ya kitanda. Matope yakafunguka. Akasukuma watoto wanne mmoja baada ya mwingine, kisha akamsukuma mkewe.

"Yeye alikuwa mutu munene," Madeleine anasema sasa, ameketi kwenye kibaraza cha nyumba yake mpya, namba 9. "Lile tundu lilikuwa la batoto. Mimi mwenyewe nilichubuka mabega yote mbili. Yeye alijaribu kupitisha kichwa, nikamushika mukono, nikavuta. Halafu nikasikia mukono umelegea."

Kisha anaugonga ukuta wa kibaraza kwa vidole. Architecte, yaani msanifu kwa Kifaransa, ndilo jina ambalo mtaa wote unamwita Séphora.

"Nikamuambia Architecte: ukuta ya matope ilivunjika na jembe. Hii yako iko nguvu sana, haitavunjika. Sasa ukiniwekea mulango moja, umenijengea nini? Nyumba ao kaburi?"

Siku hiyo hiyo Séphora alifuta jiko kwa mguu na kulichora upya. Jiko likaenda nyuma, na jikoni kukawa na mlango wa pili wenye komeo la ndani, unaotokea kwenye bustani. Ukatatua mambo mengine ambayo hakuwa ameyafikiria: moshi ukawa na pa kutokea, majivu na maji machafu hayakupita tena mbele ya wageni. Kitanda kilipungua sentimita ishirini. Wanawake walijaribu, wakasema inatosha. Shirika likapokea ramani, likagonga muhuri.

Mwezi wa nane baba yake alifariki, naye akaenda Butembo kumzika. Alikaa huko wiki tano. Aliporudi, alishuka kwenye basi akaenda moja kwa moja kwenye ujenzi, bado amevaa kitambaa cha msiba kichwani.

Kuta zilikuwa zimefika kwenye paa. Alizunguka nyumba ya kwanza mara mbili, akidhani amechanganya mbele na nyuma. Akaenda ya pili, ya tatu. Nyumba zote arobaini zilikuwa na migongo mitupu.

Alimfuata mhandisi aliyesimamia kazi hiyo, Michel, kwenye hema lake la kivuli. Mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno, na mafundi wawili waliokuwapo wanayathibitisha.

"Michel, milango ya nyuma iko wapi?"

"Architecte, pole kwa muzee."

"Aksanti. Milango iko wapi?"

"Formulaire ya bailleurs, wale wanatoa pesa, iko na kisanduku moja: porte, mulango, moja. Tukiandika mbili, dossier inarudi Kinshasa, tunapoteza miezi tatu. Na kusema kweli, nyumba ndogo namna hii, milango mbili ya nini?"

"Waliomba. Walikueleza sababu."

"Walieleza weye. Mimi nilipewa formulaire."

Séphora alikataa kutia saini karatasi ya kukubali kazi. Haikuzuia chochote, mtu mwingine alitia. Mwezi wa kumi na moja nyumba zilizinduliwa kwa mahema, fulana zenye nembo na ngoma. Msemaji wa sherehe, pengine bila kujua ugomvi uliokuwapo, alimwita msanifu jukwaani ili apewe kitenge cha shukrani.

Alipanda. Akakipokea kitenge. Kisha akachukua kipaza sauti na kuuliza, kwa sauti ambayo wanawake wanasema haikutetemeka: "Mulango ya pili iko wapi?"

Wajane waliokuwa wameketi nyuma ya wageni wakapiga vigelegele. Kipaza sauti kikazimwa. Wiki iliyofuata alipata ujumbe kwamba katika awamu ya pili, ya nyumba sitini, huduma zake hazitahitajika.

Angeweza kuishia hapo, akarudi kwenye nguzo nene za wafanyabiashara. Anakiri kwamba alijaribu. Kwa miezi mitatu hakupita mtaa huo. Akiwa na safari ya upande ule, alimwambia dereva wa pikipiki azunguke.

Kilichomrudisha ni mvua ya Machi. Jikoni mwa nyumba hizi, bila mlango, moshi hauna pa kwenda, kwa hiyo wanawake wamehamishia mbabula zao, majiko ya makaa, mbele, karibu na mlango pekee uliopo. Mchana mmoja mvua ilinyesha na upepo, na Suzanne, wa nyumba namba 22, akaingiza jiko lake la makaa ndani kidogo tu, hatua moja kutoka kizingitini. Alikuwa chumbani akimbadilisha nguo binti yake wa miaka sita, Plamedie. Upepo ulirusha pazia kwenye makaa.

"Niligeuka, nikaona mulango iko moto," anasema Suzanne. "Si kando ya mulango. Mulango yenyewe. Nikakimbia dirishani, dirisha iko na vyuma. Nikakimbia jikoni. Kule ni ukuta. Niliupiga na mikono, nikaupiga na sufuria. Nilikuwa nalia, nasema Mungu wangu, hata panya iko na tundu mbili."

Majirani waling'oa vyuma vya dirisha kwa shoka. Iliwachukua muda ambao hakuna aliyeupima, lakini Suzanne alikuwa amekwisha kumfunika mwanawe kwa mwili wake. Ana makovu ya moto kutoka viwikoni hadi vidoleni. Mkono wa kushoto haukunji tena ngumi. Plamedie ameungua mguu mmoja. Wote wako hai.

Séphora alikwenda kuwaona hospitalini. Kwenye korido alimkuta mfanyakazi wa shirika akiandika ripoti, akasoma juu ya bega lake. Kwenye nafasi ya chanzo cha ajali paliandikwa: uzembe wa mama.

"Nilisoma mara mbili," anasema. Anashuka kutoka kwenye benchi, anafuta jasho kwa mkono wenye vumbi, na usoni panabaki mstari mwekundu. "Nilienda nyumbani, nikatafuta nyundo ya baba."

Jumamosi iliyofuata alitoboa ukuta wa namba 22. Hakuomba ruhusa ya mtu isipokuwa Suzanne. Fundi seremala Théodore, ambaye alimfahamu baba yake, alimletea fremu na mlango wa mbao za mkaratusi na kukataa faida. Analipwa mbao na bawaba tu. Wanawake walibeba vifusi.

Wiki mbili baadaye, wakiwa kwenye mlango wa tatu, wa namba 9, Michel alikuja na polisi. Tukio hilo linasimuliwa mtaani mpaka leo, na kila msimuliaji ana namna yake, ila wote wanakubaliana hivi.

Michel alisema nyumba ni mali ya mradi na kuziharibu ni kosa. Séphora aliendelea kupiga tindo. Polisi, aliyejitambulisha kwa jina la Dady, alimwomba kwa upole ashushe nyundo. Ndipo Mama Madeleine akatoka nyumbani kwake na bahasha ya plastiki aliyokuwa ameifunga kwa uzi.

"Papa polisi, weye unajua kusoma," alisema. "Nisomee hii. Walinipa siku ya ngoma."

Dady akasoma karatasi ile, kwanza kimya, kisha kwa sauti. Ilisema kuwa nyumba namba 9 imekabidhiwa moja kwa moja kwa Madeleine na kwamba yeye ndiye mmiliki.

"Mutu akiwa propriétaire, anaweza kufungua mulango kwake?" Madeleine aliuliza.

"Anaweza, mama."

"Ata bila formulaire?"

Dady alimtazama Michel. Kisha alirudisha karatasi kwenye bahasha, akafunga uzi mwenyewe, akaondoka kwa miguu. Michel alibaki amesimama kidogo mbele ya wanawake, Suzanne akiwa mmoja wao. Séphora anasema hakumchukia dakika ile. "Alikuwa anaangalia mukono ya Suzanne. Halafu akaingia mu gari. Sijui alifikiri nini. Ningependa kujua."

Gazeti hili liliomba maelezo ya shirika hilo. Barua yao ina aya nne. Inasema nyumba zilijengwa kwa kufuata viwango vilivyoidhinishwa, inasikitika kwa tukio la moto, na inawahimiza walengwa kuwa waangalifu na majiko yao. Neno mlango halimo.

Kwa mlango mmoja Séphora na wanawake wanafanya kazi saa sita hadi nane. Kwanza mtaro wa linta, kisha linta yenyewe, iliyomwagwa na kukauka siku za kabla, ndipo tundu linafunguliwa chini yake. "Ukianza chini, ukuta inakuja na weye," anawaambia wanawake kila mara. Wanne kati yao sasa wanaweza kufanya kazi hiyo bila yeye kuwapo. Tofali zinazotoka nzima hazitupwi. Zimekuwa kuta fupi za bustani na jukwaa la kuoshea vyombo.

Imemgharimu. Tangu siku ya kipaza sauti wateja wakubwa wamekuwa wachache, na mapato yake ambayo yalifika dola mia tisa kwa mwezi sasa ni mia tatu, mwezi mzuri. Anaishi na mama yake katika vyumba viwili vya kupanga. Mama yake hamwambii aache. Anamwambia tu avae kofia.

Ghala la baba limebaki tupu tangu msiba. Sakafu yake ni ya simenti, laini, mita kumi kwa kumi na mbili. Séphora ameanza kuondoa rafu. Anataka kupafanya mahali ambapo mtu yeyote anayetaka kujenga nyumba ndogo, mwenye pesa au asiye nazo, anaweza kuja, akachorewa nyumba nzima sakafuni kwa ukubwa wake, akaingia, akalala, akapika, akabishana, kabla tofali moja halijawekwa. Ataanza mwezi wa tisa. Wajane kumi na mmoja walioorodheshwa kwa ajili ya zile nyumba sitini za awamu ya pili wamekwisha kumwomba wawe wa kwanza, na wamekubaliana kwamba ramani watakayoikubali humo wataipeleka wao wenyewe shirikani, kila mmoja na sahihi yake au dole gumba.

"Wakikataa, hawatakataa mimi," anasema. "Watakataa wenye nyumba, uso kwa uso. Nataka nione kisanduku ya hiyo kwenye formulaire."

Saa nane mchana tofali la mwisho chini ya linta ya namba 31 linatoka. Mwenye nyumba, bibi mwembamba wa miaka sabini, hasubiri Théodore alete fremu. Anainua kitenge chake, anavuka vifusi, anatoka nje, anarudi ndani, anatoka tena. Wanawake wanamcheka na kumpigia makofi.

Séphora amekaa chini na chupa ya maji, mgongo ukiwa umeegemea mtungi. Anaulizwa kama sasa, baada ya milango kumi na saba, hasira imeanza kupungua.

"Ipungue ya nini?" anasema, na kunyanyuka kutafuta chaki yake. "Kumebaki ishirini na tatu."